Mtu wa Kupigiwa Simu

Kila wanapokusanya kundi jipya la watu wanaokwenda kujitolea nchi za nje, ofisi moja ya Mikocheni hunipigia niende kuzungumza nao. Chumba kiko ghorofa ya juu, kina viti vya plastiki na feni mbili, na chini yake kuna karakana ya kuchomelea mageti, kwa hiyo mzungumzaji hulazimika kunyamaza kila mashine inapowashwa. Mratibu wao ni mwanamke mpole, mdogo kwangu. Hunisubiri mlangoni na kuninong'oneza, "Dada, leo tuwatie moyo, eh?" Namwambia sawa. Nikiingia nasema yale yale niliyosema mara iliyopita.

Wao wana maswali yao, na mimi sina subira nayo sana. Wanataka kujua sanduku liwe na kilo ngapi. Mwalimu mmoja wa hesabu, mtu mzima na kitambi chake, aliniuliza kama ugali utapatikana huko. Nikamwambia atautafuta wiki mbili, wiki ya tatu atakula wanachokula wenzake, na sijamsikia bado mtu aliyekufa kwa kukosa ugali. Mwingine aliuliza abebe zawadi gani. Hapo nilimjibu vizuri, maana lilinikuta. Mimi nilibeba vinyago vinne vya Mwenge, vizito, nimevifunga kwenye nguo zangu zote za baridi ambazo nazo sikuzihitaji. Wenyeji wangu walivipokea kwa adabu wakavipanga juu ya kabati. Wao wana wachongaji wao. Walichokitamani ni khanga niliyojifunga, na nilikuwa nazo mbili tu.

Nikishawachekesha kidogo, nawaambia watoe fomu yao na wafungue ukurasa wa mwisho. Pale chini kuna nafasi ya kuandika jina la mtu wa kupigiwa simu likitokea jambo. Hapo ndipo ninapotaka wanisikilize, na hapo ndipo wengi huanza kuchungulia simu zao. Nafasi ni ya jina moja. Nawaambia waandike majina mawili, la pili waliandike hata pembeni, na huyo wa pili asiwe ndugu yao. Awe mfanyakazi mwenzao, jirani, hata mtu wasiyempenda sana, alimradi ni mtu anayeweza kusema neno baya kwa mdomo ulio wazi. Halafu nawaambia kwa nini, ingawa siwaambii yote.

Mimi ni mkunga. Nilifanya kazi katika wodi ya wazazi huku Temeke kwa miaka mingi kabla sijakwenda Sierra Leone kufundisha wakunga wanafunzi kwa miaka miwili. Nilikuwa nimepita arobaini. Ndoa ilishavunjika, mtoto sikujaliwa, na kwa sababu hizo mbili ilionekana dhahiri kwa kila mtu kwamba mimi ndiye wa kukaa na mama. Hakuna aliyeniuliza. Nilimpenda mama yangu, na bado zilikuwapo asubuhi ambazo nikimsikia akiita jina langu kutoka chumbani kwake nilikuwa nafumba macho kwanza, kisha ndiyo naitika. Kwa hiyo watu wanaponiuliza kilichonisukuma kwenda kujitolea, wakitarajia nitataja moyo wa huruma, mimi husema nilitaka kupumua. Mratibu hapendi jibu hilo.

Mtaani hawakulielewa hata kidogo. Mama muuza vitumbua wa kona alinishika mkono. "Kujitolea? Wazungu wanapanda ndege wanakuja huku kujitolea kwetu, we unaenda kujitolea kwa nani?" Mama naye hakuelewa, lakini alinitetea. Aliwaambia majirani kwamba nimeitwa na serikali. Siku ya kuondoka alinipitisha chini ya msahafu pale mlangoni, akanisomea, akanipulizia usoni. Mdogo wake alikuwa ameshahamia kutoka Mbagala kuja kukaa naye. Kaka yangu, mkubwa wangu kwa miaka mitatu, anakaa Sinza na familia yake na anauza vipuri vya magari. Alinipeleka uwanja wa ndege. Jina nililoandika kwenye fomu lilikuwa lake.

Sasa, kuna tabia yetu moja ambayo sina haja ya kumweleza mtu wa Dar, ila kule Mikocheni naieleza hata hivyo, kwa sababu watu huishi na kitu mpaka wakaacha kukiona. Kwetu mtu aliye mbali hapewi habari mbaya. Baba alipofariki mimi nilikuwa chuoni Tanga. Kaka alinipigia akasema, "Baba anaumwa kidogo, njoo." Nilipanda basi nikijua. Kila mtu anajua, na kila mtu hujifanya hajui mpaka afike aone turubai limetandwa mbele ya nyumba. Ugonjwa wenyewe nao hufichwa vilevile. Mtu yuko safarini, au ana mtihani, au ana mimba, basi anaambiwa wote wazima. Mimi mwenyewe nimeshawapigia waume za watu kutoka wodini nikawaambia mkeo hajambo, njoo tu mara moja. Nilijiona nina huruma.

Mwaka wa kwanza ulipita vizuri. Nilipiga simu nyumbani kila Jumapili saa nane mchana ya kule, ambayo ni saa kumi na moja jioni ya Dar, mama akiwa ameshaswali alasiri na amekaa barazani. Alinieleza nani kaolewa, nani kagombana na nani kwa ajili ya maji ya bomba. Mimi nilimwambia nakula vizuri. Nilikuwa nimeugua malaria mara mbili na nimepungua mpaka sketi zinanivuka, lakini kwa nini nimtie mama yangu simanzi? Nilimdanganya kila Jumapili na moyo mweupe.

Mwezi wa kumi na nne nikamsikia akivuta pumzi katikati ya salamu. Alisema, "Hujambo," akavuta, akasema, "mwanangu." Mimi nimesikiliza pumzi za watu maisha yangu yote. Nikauliza anaumwa nini. Mama mdogo akachukua simu akasema dada yake ametoka kufagia uwanja, amechoka tu. Nikasema amwambie apumzike, nikakata simu, nikaenda kufua.

Baada ya hapo mama akawa hapatikani. Jumapili moja alikuwa amelala, Jumapili nyingine yuko msibani, nyingine anaswali na nisisubiri maana ana nyiradi ndefu. Kaka ndiye aliyekuwa anajibu sasa, kila wiki anatoka Sinza kuja Temeke kunijibu, jambo ambalo peke yake lingetosha kunishtua. "Sista, mama yuko fiti kabisa, usiwe na wasiwasi. We piga kazi." Siku moja akanitumia sauti ya mama iliyorekodiwa. Mama ananisalimu, ananiombea dua, anasema yeye mzima. Sauti ilikuwa imara. Nyuma yake mvua kubwa ilikuwa inapiga bati, ile ya masika, mpaka imebidi apaze sauti. Na jioni ile ile kaka alikuwa ametoka kuniambia jinsi Dar ilivyo na joto na vumbi, na kwamba hawajaona tone la mvua kwa wiki kadhaa.

Nilisikia mvua ile. Naomba hili lieleweke, kwa sababu watu wakinisikiliza huwa wananionea huruma kana kwamba nilifumbwa macho. Nilisikiliza ile sauti mara tatu nikiwa nimekaa kitandani, nikajua imerekodiwa zamani, na nikajua maana yake. Sikumpigia kaka kumuuliza. Nilikuwa na wanafunzi tisa waliokuwa wanajiandaa kwa mtihani wao wa mwisho, na mmoja wao, msichana mwoga ambaye mwanzoni alikuwa anakimbilia nje kila mzazi anapopiga kelele, ndiyo kwanza alikuwa amezalisha bila mikono kumtetemeka. Wodini waliniita mama. Nilikuwa na furaha kule, furaha ambayo sikuwa nayo Temeke kwa miaka, na kama ningeuliza ningejibiwa, na kama ningejibiwa ningepanda ndege. Kwa hiyo sikuuliza.

Ofisi nayo ilikuwa inafanya kazi yake. Kila baada ya miezi mitatu walimpigia kaka kuuliza hali ya nyumbani, kwa sababu utaratibu wao ulikuwa wazi kabisa: mzazi akiwa hoi, mtu anarudishwa akamwone, na nauli ni juu yao, na nafasi yake inamsubiri. Ilitakiwa mtu wa kwenye fomu aseme tu. Kila walipopiga aliwaambia wote wazima, tunashukuru.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, nikiwa nawaonyesha wanafunzi jinsi ya kupima urefu wa tumbo la mjamzito, simu ikaingia. Kaka hapigi Jumatano. Nilimwomba radhi yule mama aliyelala kitandani nikatoka nje kwenye ngazi.

"Sista," akasema. "Mama anaumwa kidogo. Ujitahidi uje."

Nilikaa chini. Nilimuuliza jambo moja tu. "Mnazika saa ngapi?"

Nilisikia nyuma yake watu wakivuta viti na mwanamke mmoja akilia kwa sauti.

"Alasiri," akasema.

Safari ilinichukua siku tatu kasoro, viwanja vya ndege vitatu, na mahali pamoja nililala sakafuni nikiwa nimejifunika ile khanga moja iliyobaki. Sitaki kuisimulia. Nilifika Temeke Jumamosi adhuhuri, matanga yameshaanuliwa asubuhi yake. Vijana walikuwa wanakunja turubai. Masufuria ya kukodi yalikuwa yameoshwa na kupangwa uwanjani yakisubiri mkokoteni. Wanawake waliokuwa wanaondoka waliponiona walirudi wakavua viatu, wakaketi upya na kuanza kulia tena kwa ajili yangu, jambo la wema sana, na mimi sikuweza kutoa chozi hata moja. Nililionea aibu hilo kuliko kitu chochote.

Walinipeleka makaburini kesho yake asubuhi, maana ndugu walisisitiza. Udongo ulikuwa bado mwekundu na umeinuka, kibao kimeandikwa kwa rangi nyeupe. Niliporudi nikamkamata kaka uwani, peke yake, akinawa mikono.

"Aliumwa muda gani?"

"Miezi mitatu hivi. Moyo. Walisema umekuwa mkubwa. Miguu ilivimba, akawa hawezi kulala chini, analala kakaa."

"Na wewe unaniambia yuko fiti."

"Mama mwenyewe ndiye aliyesema usiambiwe!" Akanigeukia. Macho yalikuwa mekundu na ndevu zimemwota ovyo, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi alivyokonda. "Alisema uko kwenye kazi ya watu, tusikuchanganye. Ningefanyaje mie?"

Nikamwambia wangenirudisha. Nikamwambia kuhusu utaratibu, nauli, nafasi inayosubiri, nikimrushia maneno usoni moja moja. Nikamuuliza alifikiri wale watu wa ofisini wanampigia simu ya nini, kumsalimia?

Kaka akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mie nilijua wanakukagua," akasema. "Nilijua nikisema nyumbani kuna ishu watakuona we ni mtu wa matatizo, wakuachishe. Na we mwenyewe ndiye uliyenambia. Siku ile pale airport. Umesahau? Ulisema, 'Braza, hawa wakikupigia waambie tu wote wazima, wasije wakanisumbua.'"

Sikuwa nimesahau. Nilisema hivyo nikiwa navuta sanduku, kwa haraka, kama mtu anavyosema funga mlango. Fomu ilikuwa na kurasa saba na sikumwonyesha hata moja. Nilimwandika jina na sikumwambia kazi ya hilo jina, kisha nikampa amri aliyoitii mpaka mwisho. Ndipo mkewe akatuita tukale.

Hiyo ndiyo habari ninayoitoa Mikocheni. Naimaliza kwa maagizo, na huwa nayatamka kwa ukali kidogo ili yashike. Kaa na huyo uliyemwandika, msomee fomu neno kwa neno. Mwambie simu ile si ya ukaguzi. Waite ndugu zako wote, uwaambie mbele ya mzazi mwenyewe kwamba akiugua unataka kujua siku hiyo hiyo, na mzazi akikataa usiambiwe, mbishane hapo hapo kabla ndege haijaondoka. Usimdanganye na wewe kuhusu malaria yako. Na ukisikia kitu nyuma ya sauti, uliza. Wanaandika. Mratibu hushukuru kwa sauti yake ya upole, tunapigiwa makofi, na karakana inawasha mashine yake.

Kuna mara moja binti mmoja daktari wa meno alinisindikiza hadi chini akaniuliza, "Shikamoo tena, mama. Samahani lakini. Ulirudi kule?" Nikamwambia nilirudi. Siku ya tisa baada ya kufika nilipanda ndege nikaenda kumalizia miezi iliyobaki. Wanafunzi wangu wote tisa walifaulu. Mtaani walisema nina roho ngumu, na kaka alinipeleka tu uwanja wa ndege kama mara ya kwanza, kupitia foleni ya Tazara. Binti akaniuliza kama najuta. Nikamwambia awahi chai kabla haijaisha.

Lililobaki sijamwambia mtu pale. Ilikuwa siku ya nane, kesho yake nasafiri. Mama mdogo aliniita chumbani kwa mama tugawe nguo zake. Alikuwa anatoa khanga kabatini, anazikunjua, anazinusa, anazikunja upya, na mimi nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda ambacho kilikuwa bado na mito minne imeegemezwa ukutani. Hakunitazama alipoanza kusema. Alisema kuna jambo limemkaa kooni na hataki nipande ndege nalo likiwa bado liko kwake.

Alisema ni kweli mwanzoni mama alikataza nisiambiwe. Lakini siku kumi na moja kabla hajafa alibadilika. Aliamka asubuhi akasema, "Sasa mwiteni mwanangu." Mama mdogo akampigia kaka. Kaka akaja mbio kutoka Sinza, wakasimama jikoni wakishauriana. Walikuwa wameshaniambia uongo wa miezi, na kaka hakujua aanzie wapi kuufumua, tena aliona daktari amebadilisha dawa na labda mama atapata nafuu, basi wasubiri kidogo. Lakini mama naye alitaka jibu. Wakaingia chumbani wakamwambia nimeshapigiwa, niko njiani.

"Alifurahi mno, mwanangu," mama mdogo akasema. "Alikula siku ile. Akataka nimsuke nywele."

Kesho yake akauliza nimefika wapi. Wakamwambia ndege ya kwanza nimeshapanda. Kesho kutwa wakamwambia ndege imechelewa. Kila siku wakamtafutia jambo: karatasi za kusafiria, hali ya hewa, ndege imeharibika katika nchi ambayo hawakuijua hata jina. Kila honi ikilia barabarani alikuwa anageuza kichwa.

Nilimwomba mama mdogo aache. Hakuacha.

"Alfajiri ile ya Jumatano," akasema, "ananambia, 'Wee. Kama mwanangu hataki kuja, semeni tu. Sitamlaani.' Mie nikaona haya, mwanangu, nikaona haya sana. Nikamwambia, dada, keshatua. Keshatua, yuko kwenye gari, yuko kwenye foleni ya Tazara."

Alikuwa ameshika khanga kifuani kwa mikono miwili.

"Akasemaje?"

"Akautazama mwanga pale dirishani. Akasema, 'Tazara saa hizi hakuna foleni.' Akageuza uso ukutani."